Wapangaji wa Nyamalanzi

Asubuhi choo kilipomwita Mzee Wendelini Mwalongo "mama", mkewe Otilia alikuwa nje ananawa uso kwa maji ya baridi ya kung'ata, na alisikia kila neno.

"Hongera, mama," kilisema choo kwa ile sauti yake ya msoma taarifa ya habari. "Wapangaji wako wamestawi. Endelea kula maharage, mboga za majani na ugali wa ulezi. Ukomo wako wa hedhi unakwenda vizuri."

Mlango ukafunguliwa kwa teke, Wendelini akatoka mbio ameshika suruali kwa mkono mmoja, macho yamemtoka kama mtu aliyekanyaga nyoka na nyoka akamsalimia kwa jina.

"Otilia! Umesikia kilichosema?"

"Nimesikia, mama," Otilia akajibu, akacheka mpaka akashika ukingo wa ndoo asianguke.

"Usicheke! Kilikuwa kinazungumza na wewe. Umetoka humo sasa hivi, kimechanganya watu."

"Mimi sijaingia humo tangu jana. Na hicho choo kimewahi kuchanganya watu lini?"

Kicheko kikamkatika hapo hapo, kwa sababu swali lile lilimrudia mwenyewe. Vyoo vya kusoma haja za watu havikosei. Tangu vilipoletwa huku juu Njombe, kijiji cha Nyamalanzi hakikuwa na siri tena. Vilitangaza minyoo, vilikaripia waliomeza dawa nusu wakaacha, na kimoja, kile cha karibu na kanisa, kilivunja uchumba wa watu kwa kumpongeza msichana kwa mimba wakati mama mkwe mtarajiwa amesimama nje anasubiri zamu. Waliovitengeneza waliviwekea ukweli mtupu. Adabu walisahau.

Otilia akapeleka ulimi nyuma ya gego la mwisho, akagusa kitalu chake. Kilikuwa pale pale, kidogo kama punje ya ulezi, laini, kimegandishwa kwenye jino na daktari. Humo ndimo walimozaliwa wapangaji.

"Umeshapangishwa?" Ndivyo wanawake wa umri wake walivyoulizana sokoni mjini, kama zamani walivyoulizana bei ya viazi. Maana damu ya mwezi ikianza kukatika, tumbo nalo linabadilika: bakteria wema wanahama mmoja mmoja, wakorofi wanabaki na nyumba. Otilia aliyajua hayo kwa mwili wake. Kabla ya kupangishwa alikuwa akitoka uani kwenye baridi ya Juni na kanga moja tu, anafuka kama chungu cha makande, na majirani wanaapa mpaka leo kwamba waliuona ukungu ukimkwepa. Usingizi ulimkimbia. Kifundo cha mkono kilivunjika kwa kufungua mfuniko wa sufuria.

Wapangaji walikuwa bakteria waliotengenezwa kuja kushika vyumba vilivyoachwa wazi. Ini linapomaliza kazi na estrojeni, ile homoni ya kike, huifunga kamba na kuituma nje pamoja na uchafu. Wapangaji waliikuta njiani, wakaifungua kamba, wakairudisha kwenye damu ikazunguke tena. Kidogo kilichobaki mwilini kikafanya kazi ya kingi. Kodi waliyolipa ilikuwa usingizi, mifupa na akili tulivu; wao hawakudai ila maharage. Na kitalu kilidondosha wapya kila ulipomeza mate, ili hata ukiharisha nyumba isibaki tupu.

Lakini mwanamume?

"Mume wangu," Otilia alisema polepole, "hakuna kitu kingine unachokisikia mwilini?"

Wendelini akatazama kushoto, akatazama kulia. "Kifua kinawasha," alinong'ona. "Nikivaa sweta kinauma. Nilidhani ni sabuni."

*

Daktari Hidaya Mkomwa alishuka mchana ule ule kwa kiti chake cha kuruka, akatua kwenye uwanja wa kilabu cha pombe cha Otilia, kuku wakatawanyika. Ndiye aliyemgandishia kitalu. Alikuwa binti wa Pangani, mdogo wa umri, mwenye adabu za pwani, na baridi ya Njombe ilikuwa imemvalisha makoti mawili.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Choo kimemwita mume wangu mama."

"Si mumeo peke yake," alisema Hidaya, na sauti yake haikuwa ya utani. "Choo cha shule kimempongeza mwalimu mkuu. Kile cha kanisani kimempongeza katekista. Nyamalanzi nzima, mama. Choo huwataja wapangaji wakishajaa tumbo tu, na sasa kila choo kinawataja; na mtu niliyempangisha hapa ni wewe mmoja. Sasa nikumbushe. Siku ile nilikuuliza kama kuna mtu unayetumia naye mswaki."

"Nikasema hapana."

"Nikakuuliza kama unakutana na mtu mdomo kwa mdomo."

"Nikakucheka. Wendelini, na meno yake yale?"

Kilabu kilikuwa kimejaa. Mgema alikuwa ameleta ulanzi wa asubuhi kutoka kwenye mianzi, bado mtamu, haujaanza kuuma, ule wanaokunywa mpaka watoto. Mteja mmoja akanyoosha mkono. Otilia, huku bado anamsikiliza daktari, akachota kikombe, akanywa funda moja, akameza, akampa.

Hidaya akamkazia macho. "Umefanya nini?"

"Nimemuuzia mtu ulanzi."

"Kabla ya hapo."

"Nimeonja."

"Kwa nini umeonja?"

Otilia akamshangaa. Watu waliokaa karibu nao wakamshangaa. "Sasa nimpe mtu kinywaji sijaonja, anione mchawi? Anayemimina anaanza kunywa, mgeni aone hakuna kitu humo. Wewe kwenu mnapeana tu?"

"Kila kikombe?"

"Kila kikombe. Harusini, msibani, hapa kilabuni. Nimeonja tangu nipo msichana."

Daktari akakaa chini, makoti yake yote mawili. Akainamia mtungi akautazama kama mtu anayetazama kisima kilichommeza ndugu. Wapangaji, alieleza, walitengenezwa wafe mara tu wakiguswa na hewa. Ndiyo maana wakubwa wake walilala usingizi; mate yakitoka mdomoni, habari imeisha. Lakini ulanzi una sukari yake, una uvuguvugu wake, na povu lile la juu limeufunika kama blanketi, hewa haipiti.

"Mmewajengea hoteli," alisema. "Na wewe, mama, umekuwa ukiwapeleka wageni kila siku."

Kabla Otilia hajajibu, mlango ukajaa mtu. Alikuwa Bibi Kunigunda, jembe begani, matope mpaka magotini. Bibi huyu alikuwa amevuka sabini, na kijiji kilimjua kwa mgongo wake, uliokuwa umepinda hata akawa anasalimia watu kwa kuangalia viatu vyao. Alikuwa rafiki wa Otilia kuliko dada zake wa kuzaliwa. Mwaka alioomba kupangishwa, Hidaya alimkatalia: umri umepita, dawa hairuhusiwi. Sasa alisimama wima kama nguzo ya umeme.

"Kamwene!" alisalimu kwa sauti kubwa. "Otilia, nimiminie upesi, shamba linaniita."

"Bibi," alisema Hidaya, na mdomo ulibaki wazi, "si wewe niliyekukatalia?"

"Ndiye mimi. Nilikulaani siku ile, mjukuu wangu, lakini laana nimeshaiondoa, usiwe na wasiwasi. Siku hizi nalala mpaka jogoo anakuja kunichungulia kama bado nipo hai. Zamani nilikuwa nalala kwa kuvizia, kama mlinzi wa benki. Unajua kukaa macho miaka na miaka, wenzio wote wanakoroma, wewe unahesabu mabati? Sasa nalala! Nimelima kilima kizima kile. Uliza watu."

Watu wakashangilia. Otilia akajisikia kifua kinapanuka. Akamgeukia daktari. "Basi ubaya uko wapi? Dawa mliyomnyima nimempa mimi, bila kujua. Wendelini tutamtafutia sweta laini."

Hidaya hakucheka. Alikuwa akiwatazama wanawake vijana waliokaa kwenye mabenchi na vikombe mikononi.

"Niambieni kitu kimoja," alisema. "Mara ya mwisho choo kumpongeza mtu kwa mimba hapa Nyamalanzi, ilikuwa lini?"

Wakaangaliana. Mmoja akataja jina, mwenzie akamkatiza: yule mtoto sasa anatembea. Mkunga Sigrada, aliyekuwa kwenye kona na kikombe chake, akasema taratibu, "Mimi nilidhani watu wananikimbia, wanakwenda kujifungulia mjini."

"Nani ameenda mjini?" mtu aliuliza.

Kilabu kizima, ambacho hakikuwahi kunyamaza hata siku paa lilipoezuliwa na upepo, kilinyamaza.

Kisha kikasikika kitu kikianguka. Ilikuwa sindano ya kufumia. Bathilda, binti wa Otilia, aliyeolewa baada ya mavuno yaliyopita na kunywa kwenye harusi yake kikombe cha kwanza kilichoonjwa na mama yake mwenyewe, alikuwa amekaa nyuma ya kaunta na kisweta kidogo cha sufu ya manjano mapajani. Mkono mmoja ulikuwa tumboni.

"Mama," alisema, "mimi sijaona siku zangu muda mrefu sasa. Nilikuwa nasubiri choo kiniambie hongera. Kila nikiingia kinanisifia maharage tu. Nikajua kinachelewa."

Hidaya akamshika mkono, akambandikia kidoleni kipimo chake kidogo kama kifungo. Akakitazama. Akakitazama tena.

"Hakuna mimba, dada yangu. Ovari zimelala. Estrojeni yako haitoki mwilini, wapangaji wanairudisha na kuirudisha, kwa hiyo ubongo unaona ovari zimefanya kazi kupita kiasi, unaziambia zipumzike."

"Zitaamka?"

"Wapangaji wakitolewa mapema, naamini zitaamka."

"Wakikaa?"

"Sijui," alisema daktari. "Hajawahi kupangishwa mtu kijana duniani. Ninyi ndio wa kwanza."

Bathilda akautoa mkono tumboni polepole, kama anayeutoa kwenye mfuko wa mtu mwingine.

*

Hidaya alirudi na chupa ndogo. Ndani yake kulikuwa na maji ya maziwa maziwa, na ndani ya maji hayo bakteria wengine waliopewa kazi moja tu: kuwatafuta wapangaji na kuwamaliza, kisha kufa wenyewe kwa njaa. Madaktari waliwaita fagio. Aliketi jikoni kwa Otilia, wawili tu, mlango umerudishwa.

"Ukilitia kwenye mtungi asubuhi, mchana linatosha kijiji. Na wewe unapoonja, litasafisha mpaka kitalu chako."

"Nirudi kufuka."

"Utarudi kufuka, mama. Na hatutakupangisha tena mpaka vitalu vibuniwe upya. Itachukua miaka."

Otilia akaitikia kwa kichwa. Alikwisha kujiandaa kwa hilo. "Na Bibi Kuni?"

"Yeye umri wake hauruhusiwi. Akisafishwa ndiyo basi."

"Aachwe na wa kwake, basi. Yeye hazai."

"Anaweza kuachwa," alisema Hidaya. "Lakini wapangaji wakibaki kwa mmoja watarudi kwa wote. Atakayebaki nao itabidi awe na kikombe chake, sahani yake, kijiko chake. Asimege tonge kwenye sinia na wajukuu. Asimwonjeshe mtoto uji. Maisha yake yote. Wewe unawajua watu wako kuliko mimi. Yupo atakayeweza?"

Otilia akajaribu kumfikiria mtu wa Nyamalanzi anakula peke yake. Mwenye kufanya hivyo alikuwa mgonjwa wa kuambukiza au mtu aliyekosana na ukoo.

"Ataahidi leo," alisema, "kesho atammegea mjukuu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kimya kimya. Usiwaambie. Tia fagio, onja kama kawaida yako, mimina. Mchana mmoja yamekwisha, Bathilda anapona, na wenzie."

"Na Bibi Kuni ataanza kupinda tena bila kujua kwa nini."

"Atazeeka kama alivyokuwa anazeeka."

"Bila kujua, Hidaya?"

Binti yule wa Pangani alikuwa na macho mekundu. Naye hakuwa amelala. "Mara ya kwanza ulipompa, mama, alijua?"

Otilia alitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake aliichukua chupa ile, ikawa nyepesi mno mkononi. Kutoka chumba cha pili alisikia Bathilda akifumua kile kisweta, nyuzi zikikatika moja moja.

*

Jumapili watu walitoka kanisani moja kwa moja mpaka uwanjani kwa Otilia. Masinia ya ugali na maharage yalikwisha kupangwa kwenye mikeka, na mtungi ulikuwa kivulini. Fagio lilikuwa ndani yake tangu asubuhi. Harufu haikubadilika, wala ladha. Wendelini, ambaye mkewe alimweleza kila kitu kitandani, alikuwa anazunguka mtungi kama mbuzi anayenyemelea chumvi.

Bibi Kunigunda alikuwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alinyoosha mkono, jembe lake ambalo hata Jumapili hakuliacha likiwa kando, huku anamsimulia mtu nyuma yake habari za viazi.

Otilia akachota. Akanywa funda lake. Akameza. Maisha yake yote kumeza kule kulikuwa kama kula kiapo: humu sina nilichokuficha. Mkono ukamgoma. Kikombe kikabaki hewani kati yao.

"Leta basi," alisema Kunigunda. "Umeganda?"

"Dada Kuni, usipokee."

Kunigunda akacheka. "Umeonja mwenyewe, nimekuona."

"Nimeonja. Na humu mna kitu."

Waliokuwa karibu walirudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto. Mwanamke mmoja alipiga ishara ya msalaba. Otilia akasema yote, kwa sauti, akianzia kwenye jino lake na kumalizia kwenye chupa. Akasema usingizi wa Bibi Kuni umetoka wapi. Akasema kwa nini hakuna mtoto mchanga Nyamalanzi. Akasema anayekunywa atasafishwa, na asiyetaka asinywe, ila atakula peke yake. Alipotafuta uso wa daktari aliukuta umefunikwa kwa viganja.

Makelele yakaanza. Vijana wakauvamia mtungi, Wendelini mbele yao anapiga kelele, "Mimi nipeni ndoo!" Bathilda alikunywa kikombe chake amesimama, bila kumtazama mtu. Wanawake wa makamo walikunywa wakinung'unika, wengine wakilia waziwazi, na mmoja alimwambia Otilia kwamba hatamsahau, na hakusema ni kwa wema au kwa ubaya.

Kunigunda hakuondoka pale aliposimama.

"Wewe mtoto," alimwita Bathilda. "Njoo. Unataka wangapi?"

"Hata mmoja, bibi."

"Huyo mmoja ndiye anataka nisilale mpaka nife?"

Bathilda akakiangalia kikombe chake kitupu.

Ndipo yule bibi akamgeukia rafiki yake, na Otilia, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, aliona machozi, jambo ambalo hakuwahi kuliona usoni pale, hata siku walipomzika mume wake.

"Ungenimiminia tu, Otilia. Ungenyamaza. Mgongo ungerudi kupinda, ningesema ni uzee, ningeuzoea. Sasa nikikaa macho nitajua kila saa kwamba nimekaa macho kwa ajili ya fulani. Kwa nini umeniambia?"

"Nilidhani ni haki yako, dada."

"Haki!" Kunigunda alitema neno lile chini. Akaweka jembe begani, akaondoka, wima kabisa, kwa hatua ndefu za mtu mwenye afya.

Otilia akajua amempoteza. Joto bado, lingekuja baada ya siku kadhaa, lakini uso wake ulikuwa tayari unawaka. Watu walianza kukaa kwenye mikeka kuzunguka masinia, kwa kuwa chakula kilikuwa kinapoa na hapakuwa na jambo lingine la kufanya.

Mara wakamwona anarudi. Jembe hakuwa nalo. Mkono mmoja alishika sahani ya bati, mwingine kikombe na kijiko. Alipita katikati ya mikeka, akivuta sketi yake isiguse mtu, akaenda mpaka ng'ambo ya uwanja, kwenye kigogo cha kupasulia kuni. Akaketi.

"Nileteeni," alisema. "Mimineni kwa mbali, upawa usiguse sahani."

Mkwe wake akaenda na upawa, akadondosha ugali, akadondosha maharage, mengine yakaanguka chini. Mjukuu wake wa kike, aliyezoea kukaa kwenye goti lile kila Jumapili, akainuka mkekani na kuanza kumfuata.

"Rudi!" Kunigunda alipiga kelele, na sauti ikapasuka. Mtoto akasimama katikati ya uwanja. "Rudi kwa mama yako. Sikutaki hapa."

Mtoto akarudi, hajaelewa. Kunigunda akajaza kijiko, akala. Akatafuna kwa nguvu, ametazamana na kijiji kizima.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Kuleni."

Hakuna aliyenyoosha mkono.